Dunguni au chini: umtazame nzohe wa Saiwa kutoka wapi?

Anayepanga safari ya kwanza ya Saiwa huwa na swali moja: nikishaingia, nipande dungu, lile jukwaa la mbao lenye ngazi, au nitembee chini kwenye njia za mbao? Ni swali la maana, kwa sababu Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp haizungukwi kwa gari. Hutasimama kwenye gari la watalii na kuchungulia kupitia paa lililofunguliwa kama ulivyozoea Nakuru. Ukipita geti ni miguu yako tu, na saa za kumwona nzohe, yule paa wa kinamasini, ni chache: tangu kupambazuka hadi jua lianze kuchoma, kisha tena jioni kabla giza halijaingia. Ukikosea chaguo la alfajiri, utangoja hadi jioni.

Jibu langu ni hili. Kama umemfuata nzohe, panda dungu, na upande mapema. Kama umefuata kima, pongo na ndege, au unataka picha ya mnyama akiwa usawa wa macho yako, baki chini. Lakini zipo hali zinazoligeuza jibu hilo, na nyingi kati yake zinahusu upepo, miti na watu ulioandamana nao.

Kwa asiyeijua, Saiwa iko Trans Nzoia, kilomita ishirini na kitu kutoka Kitale. Unafuata barabara ya Kapenguria, unashuka njia panda ya kuelekea Kipsaina, halafu boda boda inakumalizia safari hadi getini. Mbuga ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe hasa, na ndiyo mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote nchini, takriban kilomita 3 za mraba. Pande zote imebanwa na mashamba ya mahindi. Ukiwa ndani unasikia jogoo wa watu, trekta, na kengele ya shule. Wengi husikitika kusikia hivyo. Mimi hunifurahisha, kwa sababu inamaanisha mnyama adimu kiasi hiki bado anaishi ujirani na sisi.

Nzohe mwenyewe ni paa wa majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, hivyo hutembea juu ya matope na mimea iliyolala bila kudidimia kama wanyama wengine. Alama yake matopeni hufanana na ndizi mbili nyembamba zilizowekwa sambamba, ncha zikiachana. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji, anaogelea vizuri, na akihisi hatari anaweza kuzama akabakiza pua tu juu ya maji. Dume ana pembe zilizojisokota na rangi ya kahawia iliyokolea. Jike hana pembe, ni mdogo zaidi, na rangi yake imeelekea wekundu. Begani, dume ana urefu wa mita moja hivi. Sasa linganisha na matete na mafunjo anamoishi, ambayo hupita mita mbili kwa urahisi. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini madungu yalijengwa.

Jicho la juu na jicho la chini

Ukisimama kwenye njia ya mbao katikati ya kinamasi, unachokiona ni ukuta. Nzohe anaweza kuwa hatua ishirini kutoka ulipo, anakula, na usijue. Utasikia maji yakichuruzika au bua likivunjika, utanyoosha shingo, na mwisho utaona matete yakitikisika kuelekea upande mwingine. Ana vichochoro vyake humo ndani, vimekanyagwa vikawa kama mahandaki, na anavijua kuliko askari yeyote wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Kutoka dunguni, ukuta ule unakuwa sakafu. Unaona mianya, vidimbwi, na sehemu zilizolazwa ambapo nzohe hupenda kupumzika. Na hapa kuna jambo ambalo mgeni hulikosa hata akiwa juu: asitafute mnyama mzima. Tafuta kwanza shina linalokwenda kinyume cha upepo. Mengine yote yakiinama kushoto, moja likatikisika na kurudi, kuna mdomo unaolivuta. Shika darubini hapo usiiondoe. Baada ya muda yatatokea masikio, makubwa na mviringo, yakizunguka kila moja kivyake. Kisha uso wenye mstari mweupe kati ya macho na madoa meupe mashavuni. Mwili hufuata polepole sana, mguu mmoja ukiinuliwa na kungoja kabla haujateremshwa. Anayetazama kutoka chini hupata sehemu ya mwisho ya onyesho hilo, mara nyingi mgongo unaoondoka.

Kwa hiyo kwa upande wa kuona, dungu linashinda waziwazi. Kuna miezi ambayo pengo hilo hupungua. Trans Nzoia hupata mvua ndefu moja, kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Oktoba, kisha ukavu wa Desemba hadi Februari. Katika ukavu baadhi ya majani hunyauka na kulala, mianya huongezeka, na mtu aliye chini anapata nafasi ambayo Julai hawezi kuiota.

Upepo

Watu wengi huamini kwamba ukiwa juu, harufu yako hupita juu ya mnyama na mambo yameisha. Imani hii tunaishiriki na wawindaji wa kulungu wa Marekani, ambao hukaa kwenye viti vilivyofungwa mtini, mita 5 au 6 kutoka ardhini, kwa sababu hiyo hiyo: harufu isambae juu, macho yaone mbali, na kulungu ambaye hana desturi ya kutazama matawini asiwatambue. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sisi tunapanda na darubini, wala si bunduki wala upinde. Lakini fizikia ya hewa haijali umebeba nini.

Alfajiri ya Saiwa ni baridi kali, kwani tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa baridi ni nzito, na hewa nzito huteremka. Kinamasi ndicho sehemu ya chini kuliko zote pale, na msitu wa kando yanakosimama madungu uko juu kidogo. Maana yake, kabla jua halijapanda, pumzi yako na jasho la njiani vinateremka taratibu kuelekea kwa mnyama yule unayemtafuta. Aliye chini, ukingoni mwa matete, anaipeleka harufu yake moja kwa moja kwenye usawa wa pua ya nzohe. Aliye dunguni naye haponi kabisa, ila yake huanza juu, huchanganyika na hewa nyingi, na hufika ikiwa imepungua nguvu. Hiyo ndiyo faida ya urefu: si ukuta, ni punguzo.

Jua likishachoma, hewa hugeuka. Ardhi ikipata joto, hewa huanza kupanda, na harufu ya kila mtu, wa juu na wa chini, huenda angani. Kuanzia hapo aliye chini hana hasara tena kwa upande wa pua. Bahati mbaya nzohe naye huwa ameshaanza kurudi kujificha, lakini pongo na kima bado wako kazini, na ndiyo maana ninapendekeza mtu ashuke dunguni wakati huo badala ya kuendelea kukaa kwa ukaidi.

Jioni mambo ni magumu zaidi kuyatabiri. Katika miezi ya mvua wingu hujikusanya alasiri, na kabla ya ngurumo upepo huyumba huku na huku. Siku kama hiyo usihesabu faida ya upepo popote. Chagua dungu kwa sababu ya macho tu. Kipimo rahisi ni uzi mwembamba wa sufu, mrefu kama kidole, uliofungwa kwenye mkanda wa kamera au kwenye kijiti. Utazame kila mara. Ukiuona umeelekea kinamasini moja kwa moja bila kuyumba, uliza askari kama kuna dungu jingine upande wa pili. Na tafadhali, asubuhi hiyo usijipulizie manukato. Dawa ya mbu ipake usiku uliotangulia au uvae mikono mirefu.

Kelele na kutulia

Hapa mambo yanageuka, na wanaosifu madungu husahau. Mbao hupiga kelele. Ngazi hulia, sakafu hutikisika mtu akibadilisha mguu, na chupa ya maji ikianguka kutoka juu inasikika kinamasi kizima. Mtu mmoja aliyetulia chini, mgongo wake umeegemea mti, husumbua wanyama kidogo kuliko watu watano juu ya dungu wanaoonyeshana kwa vidole. Nzohe akishtuka hutoa mlio mkali kama wa mbwa, na wenzake wakiusikia, asubuhi yenu kwa upande ule imekwisha.

Lakini ni nani kati yetu anayeweza kutulia hivyo chini? Chini kuna siafu. Kuna mbu, kuna umande unaopenya suruali, na kuna hamu ya kusogea hatua mbili ili uone vizuri zaidi, ambayo kila mtu huiita ya mwisho. Dungu linakuzuia kusogea, na kwa mtu asiyezoea, kuzuiwa huko ni msaada mkubwa. Ndiyo sababu mgeni, hata akiwa na subira, nampeleka juu, na mtu aliyezoea kuvizia ndege ukingoni mwa kinamasi cha Dunga, Kisumu, au Nakuru namwachia achague.

Ukifika, panda mapema. Getini uwe umefika saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umeshalipa mtandaoni kupitia eCitizen ya serikali, kwa kuwa KWS hawapokei pesa taslimu, na kuhangaika na simu isiyo na mtandao getini kunakula dakika bora za siku. Tembea hadi dunguni bila mazungumzo. Ukishaketi, toa kila kitu utakachohitaji mara moja, kisha funga zipu za begi usizifungue tena.

Kwa wenye kamera

Picha kutoka dunguni zina kasoro moja isiyotibika: unapiga mgongo. Pembe za dume zinaonekana fupi, miguu inapotea, na maji yanakuwa doa jeusi chini yake. Ni picha nzuri ya ushahidi, inayoonyesha mnyama na makazi yake, na kwa mwanafunzi anayeandika kuhusu tabia zake inafaa kabisa. Ila uhai wa nzohe uko machoni na kwenye zile kwato zinazotanuka, na hivyo vinataka lenzi iliyo chini.

Tatizo ni kwamba chini utapata nafasi hiyo mara chache mno. Ukiwa na lenzi ya milimita 400 na dungu lisilo na watu wengi, utarudi na picha. Ukiwa na lenzi hiyo hiyo kwenye njia ya mbao, huenda ukarudi na picha bora kuliko zote za mwaka, au ukarudi na picha za matete. Mpiga picha mwenye siku moja tu apande. Mwenye siku mbili au tatu ajaribu alfajiri ya kwanza juu ili ajue wanyama wanatokea mwanya gani, kisha siku inayofuata ashuke akangoje karibu na mwanya huo, upepo ukiwa usoni mwake. Kwa maoni yangu huo ndio mpango bora kuliko wote, na unatumia dungu kama shule ya kuijua ardhi.

Tahadhari ya kiufundi: usitegemee stendi ya miguu mitatu juu ya dungu lenye watu. Kila anayepumua kwa nguvu anaitikisa. Weka kifuko cha maharagwe juu ya ukingo, lenzi ilale hapo.

Watoto, wazee, na mbao zenyewe

Vilabu vya wanyamapori vya shule vimekuwepo nchini tangu 1968, na mwalimu anayeleta wanafunzi Saiwa hana haja ya kufikiri sana: awagawe makundi madogo, wapande kwa zamu, wengine wafuate njia na askari. Kundi zima chini kwa pamoja halitaona nzohe, wataona visigino vya wenzao. Kundi zima juu kwa pamoja ni hatari.

Na hatari hiyo niiseme wazi, kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya dungu. Huko Marekani kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa kulungu, ndiyo maana wanasisitiziwa kujifunga mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapoacha ardhi. Madungu yetu yana ngazi na ukingo, hivyo si sawa na kiti kilichoning'inia, lakini mbao katika hali ya kinamasi huoza, misumari hushika kutu, na ukungu wa asubuhi huacha utelezi juu ya kila kidato. Kabla hujapanda, muulize askari dungu lipi limekaguliwa. Kanyaga kidato karibu na nguzo, usikanyage katikati. Mikono yote miwili iwe huru. Begi lipandishwe na mwenzako au kwa kamba. Ubao ukibonyea au ukitoa sauti ya kukatika, shuka, hata kama dume amesimama wazi mbele yako.

Mzee mwenye magoti mabaya asibembelezwe apande. Nimemsikia askari mmoja akimwambia mama mmoja mtu mzima, kwa heshima zote, "Mama, sisi tutakaa hapa chini kwenye benchi, kima wenyewe watatufuata." Alikuwa na haki. Walikaa, na kima walikuja.

Pale ambapo chini kunashinda

Kima huyo ndiye wa De Brazza, na kwa wengi wanaokuja Saiwa ndiye zawadi wasiyoitarajia. Ana ndevu nyeupe ndefu na kipande cha rangi ya chungwa juu ya macho, na Kenya anapatikana upande huu wa magharibi na sehemu chache nyingine. Anapenda miti ya kando ya maji, hushuka chini kutafuta chakula, na akishtuka hukaa kimya bila kutikisika badala ya kukimbia. Kutoka juu utaona majani. Kutoka kwenye njia, ukitembea hatua tano na kusimama, hatua tano na kusimama, utakutana na uso wake unakutazama kupitia tawi. Mbega ni kinyume chake: yeye ni wa vileleni, na dungu linakuweka karibu na usawa wake.

Pongo naye ni wa njiani. Anatokea kwenye ukingo wa msitu na majani mafupi, na mgeni humdhania nzohe jike. Ukiwa chini unaona tofauti vizuri: kwato fupi, manyoya mafupi, mwendo wa haraka na mwepesi. Nyayo, mavi, njia za fisi maji, vyote hivyo ni elimu ya chini. Aliyekaa dunguni asubuhi nzima ameona wanyama. Aliyetembea na askari anayejua kazi yake amesoma kinamasi.

Kuna jambo moja ninaloomba kwa dhati. Kutazama kutoka chini kusigeuke kuacha njia ya mbao. Matete yaliyokanyagwa ni kitanda cha mnyama kilichovunjwa, na njia mpya kuingia ndani ni mwaliko kwa mtega nyaya. Eneo ni dogo kiasi kwamba nzohe aliyefukuzwa upande mmoja hana pa kwenda ila mashambani kwa watu, ambako kuna mbwa. Kama hujiamini kubaki njiani dume akiwa hatua kumi tu mbali na picha nzuri, panda dungu, na uwaache wanyama wakae.

Na kama safari yako ni ya Kisumu na Kitale iko mbali, nzohe wako pia katika kinamasi cha Yala, upande wa Ziwa Kanyaboli, Siaya. Huko ulinganisho huu hauna nafasi, kwa kuwa mafunjo ni marefu mno na msitu wa kujengea dungu ukingoni haupo kama wa Saiwa. Chukua mtumbwi na mvuvi wa pale anayeijua mianya, mwondoke gizani, mwache kupiga kasia mnapokaribia ukingo, na mwambie mapema kwamba unalipia muda, siyo umbali, ili asione haraka ya kukurudisha.